Lile neno la Kigiriki sio utumbo kukatika

Ndugu Mhariri,

Mbukwenyi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua za wasomaji. Najua barua ndefu huwa mnazipunguza lakini hii naomba muivumilie, kwasababu mkiikata katikati itabaki na kosa lilelile ambalo nataka kulirekebisha.

Jumapili iliyopita kwenye safu yenu ya imani kulikuwa na makala ya Msamaria mwema, nimeisoma mara mbili nikiwa nimekaa kibarazani hapa Nkuhungu, na kwa sehemu kubwa ni makala nzuri, mpaka nilipofika pale mwandishi anaposema kwamba kwa Kigiriki neno la kuhurumia ni "splankhnizo" na maana yake halisi ni utumbo kukatika, kwahiyo mtu ambaye hajawahi kusikia utumbo unamkata akimuona mwenzake kwenye shida huyo hana huruma ya kweli, ana huruma ya mdomoni tu. Hapo nikaliweka gazeti pembeni, chai ikapoa. Simlaumu mwandishi kama mtu mbaya. Maneno hayohayo mimi niliwahi kuyasema mbele za watu na yakamuumiza mtu, ndo maana leo nimeshika kalamu.

Ilikuwa miaka minne iliyopita, tulikuwa msibani kijiji kimoja huko wilaya ya Bahi. Mimi ni mwalimu mstaafu na ni mzee wa kanisa, nikaombwa niseme neno kabla ya kwenda makaburini. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimetumiwa klipu kwenye simu, mhubiri mmoja anaeleza hilo neno la Kigiriki kwa sauti nzito, utumbo, utumbo, nikaona hili ni jambo zito ngoja nilibebe, nikalisema vilevile kama nilivyolisikia. Watu wakaitikia, na mimi nikakaa chini nikijua nimefundisha. Tuliporudi kutoka kuzika, mjane akaniita nyuma ya jiko. Akaniambia, "Mwalimu, mimi baba watoto nimemuuguza miaka mitatu, nimemgeuza kitandani usiku na mchana, mbuzi nimeuza wote wakaisha ili tupate nauli ya kumpeleka kliniki mjini, na alipokata roho sikusikia kitu. Sio tumboni sio moyoni, nimekuwa mkavu kama gogo mpaka sasa hivi. Kwahiyo mimi sikuwa na huruma na mume wangu?"

Sikuwa na jibu. Nilisema pole mama, nikatafuta bodaboda, na njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa namsikia.

Jirani yangu ni mchungaji kijana, chuoni alisoma Kigiriki cha Agano Jipya, nikamwendea jioni ileile nikamuuliza hilo neno maana yake ni nini hasa. Akanisikiliza mpaka mwisho alafu akaniambia, "Mzee wangu, hapo wewe umemjua babu yake tu, neno lenyewe hamjakutana bado." Akanipa fotokopi ya kitabu cha sarufi na Agano Jipya la Kigiriki la zamani lenye jalada lililochanika, akasema anza na herufi, ziko 24. Nikanunua daftari la mistari kama mtoto wa darasa la kwanza nikaanza, na nataka niwaeleze wasomaji wenzangu nilichokikuta kwasababu ni kitamu na hakina siri yoyote, mtu yeyote aliyemaliza shule ya msingi anaweza kukifuata.

Kwanza lenyewe linavyosomeka. Utalikuta vitabu vingine vimeandika splagchnizomai na vingine splanchnizomai, mi nilidhani ni maneno mawili. Kumbe ni moja. Wagiriki wana herufi yao ya g inaitwa gamma, ikikaa mbele ya herufi khi haisomwi g tena, inatoka puani kama ng' yetu ya ng'ombe, kwahiyo anayeandika g anafuata herufi na anayeandika n anafuata sauti. Mimi kwa urahisi nitaandika splankhnizomai.

Pili hiyo "mai" ya mwisho, na hapa ndipo makala yenu ilipoanza kupotea njia. Kamusi zetu za Kiswahili zinaandika kitenzi kwa shina lake, penda, lima, hurumia. Kamusi za Kigiriki zinaandika umbo la mimi wakati huu uliopo, kwahiyo ukikuta -omai jua ni mimi ndiye ninayehusika, lakini sio kama anayepiga au anayekata, ni kama mtu ambaye jambo limempata ndani yake. Kwenye Injili mara nyingi utakuta umbo hili, esplankhnisthe. Ile e ya mwanzo inafanya kazi ya -li- yetu, wakati uliopita, na -sthe ya mwisho inasema "yeye" na inasema kwa umbo la kutendwa. Sasa sisi Waswahili hatuna haja ya kushangaa umbo la kutendwa lisilo na mtendaji, si tunasema amelewa, amechelewa, nani anauliza amechelewa na nani? Alafu tunasema ameingiwa na huruma, ameshikwa na huruma. Hapo Kiswahili kimefika karibu sana na Kigiriki kuliko hata lugha nyingi za Ulaya, na kimefika bila kutaja utumbo.

Tukija kwenye asili. Kitenzi kimetoka kwenye nomino splankhna, umoja wake splankhnon, wataalamu wanalihusisha na splen yaani bandama. Splankhna ni nyama za ndani, ila sio zote. Kwa Wagiriki wa zamani zilikuwa hasa moyo, maini, mapafu na figo. Utumbo ulikuwa na jina lake mbali, entera, ambalo madaktari wanalo mpaka leo kwenye majina ya magonjwa ya utumbo. Kwahiyo hata kwa asili tu, tukiacha maana ya leo, "utumbo kukatika" sio sahihi.

Na ukitaka kuona splankhna kwa macho yako nenda mnadani Msalato siku ya mnada. Mimi nilikuwa pale na shemeji yangu tukachinjiwa mbuzi. Vijana wanachuna, mguu na mbavu hata havijagusa moto, lakini tayari maini na figo yamewekwa juu ya mkaa, yanarushiwa chumvi, yanageuzwa mara mbili tu, na wale waliokuwa karibu na mbuzi, mchinjaji, aliyeshika miguu, mwenye mali, wanakata vipande wanakula wamesimama huku mafuta yanawachuruzika vidoleni. Waliokaa mbali kwenye mabenchi wanasubiri nyama kubwa. Niliganda pale nikiangalia, kwasababu ndo hivyohivyo ilivyokuwa kwenye sadaka za Wagiriki, Homeri, mshairi wao wa kale, anaeleza wakichoma mapaja kwa ajili ya mungu alafu wanaonja splankhna kwanza ndipo wanakata nyama iliyobaki na kuichoma. Nyama za ndani zilikuwa za watu wa ndani.

Sasa hapa pana jambo ambalo naomba mwandishi wenu alisome taratibu. Kitenzi bila "mai", yaani splankhnizo kama alivyokiandika yeye, kipo, na kipo kwenye Biblia ya Kigiriki. Ndugu zetu Wakatoliki wafungue kitabu cha pili cha Wamakabayo sura ya 6, mstari wa 7 na wa 8, pale Wayahudi wanapolazimishwa kila mwezi siku ya kuzaliwa mfalme waende kushiriki sadaka za kipagani. Hilo neno la kushiriki sadaka, kwenye mstari wa 8, ndo splankhnizo. Maana yake ni kula nyama za ndani za mnyama wa sadaka. Hakuna huruma hata chembe pale, ni mateso. Mzizi mmoja, babu mmoja, lakini mjukuu mmoja ni kulazimishwa kula maini ya sanamu na mwingine ni baba anayemkimbilia mwanae aliyepotea. Kama maana ingekuwa inakaa kwenye mzizi peke yake tungefanyaje na hao wawili?

Na huko nyuma zaidi ndo utaona. Wagiriki wa kale waliposema splankhna kwa mafumbo mara nyingi walimaanisha hasira au ujasiri, sio huruma. Kwenye tamthilia ya Aristofane inayoitwa Vyura, ya mwaka 405 kabla ya Kristo, mtu anaambiwa asizipashe moto splankhna zake kwa hasira. Sofokle, mtunzi mwingine wa tamthilia wa Kigiriki, ana mtu anayeitwa Ayasi ambaye hataki aonekane asplankhnos, asiye na splankhna, na maana yake pale ni mwoga. Nenda Ugiriki leo uwaambie fulani ni asplakhnos, herufi karibu ni zilezile, wataelewa ni katili, mtu asiye na huruma. Neno limetembea kutoka uwoga mpaka ukatili, mwili uleule.

Wasomaji wa hapa kwetu tuna mfano ulio mlangoni. Tunasema "tumbo joto". Magazeti yenu yanaandika kila siku, wabunge matumbo joto, wachezaji matumbo joto, na kila mtu anayesoma pale stendi anaelewa kwamba watu wana wasiwasi. Sasa mtu aliyejifunza Kiswahili kwa kamusi akiwa mbali, akaona tumbo ni kiungo na joto ni kinyume cha baridi, akaenda kufundisha wenzake kwamba wabunge wa Tanzania wanaumwa homa ya tumbo, si tutamwambia subiri kwanza ukae na sisi usikie tunavyolitumia? Alafu angalia, Mgiriki akipata moto ndani ni hasira, sisi tukipata moto tumboni ni hofu, viungo vya watu wote ni vilevile lakini kila lugha imevipa kazi yake. Sisi maneno yakituchoma tunasema yanakata maini. Ya moyoni tukiyamwaga tunasema tumetoa nyongo. Hakuna anayekwenda kupimwa.

Au chukua Dodoma yenyewe. Wazee wa Kigogo wanasema jina limetoka kwenye idodomya, imezama, wengine wanasimulia tembo aliyekwenda kunywa maji akazama kwenye matope, wengine wanasimulia ng'ombe walioibwa kwa Wahehe wakaliwa, mikia ikachomekwa kwenye tope, wenyewe walipokuja wakaambiwa ng'ombe wenu wamezama. Nazipenda hadithi zote mbili na nimewafundisha watoto darasani miaka mingi. Lakini mtu akikata tiketi ya basi Mwanza kuja Dodoma hakati tiketi ya kwenda kuzama, kichwani mwake kuna ofisi za serikali, Bunge, ndugu zake, zabibu. Asili ya neno ni historia yake na ni vizuri kuijua, ila maana yake unaikuta kwa watu wanaolitumia.

Na kuna hili ambalo mchungaji jirani alinionyesha nikanyamaza kabisa. Neno letu rehema limetoka Kiarabu, na kwenye Kiarabu lina mzizi mmoja na rahim, mfuko wa uzazi. Kiebrania nacho hivyohivyo, rahamim ni rehema na rehem ni tumbo la uzazi. Tukifuata mtindo wa makala yenu basi mwanaume hawezi kuwa na rehema kamwe, kwasababu hana mfuko wa uzazi. Nani atakubali hilo? Waislamu kila wanapoanza jambo wanamtaja Mwenyezi Mungu mwingi wa rehema, Wakristo tunaimba rehema, hakuna hata mmoja anayemaanisha kiungo.

Basi nikaacha babu nikaenda kumtafuta mjukuu mwenyewe. Kwenye Agano Jipya splankhnizomai ipo mara 12 tu, na zote ziko kwenye Injili tatu, Mathayo mara 5, Marko mara 4, Luka mara 3. Yohana hana. Paulo hana hicho kitenzi, yeye anatumia nomino. Nilichora mstari kwenye daftari nikaandika kila mahali palipo na hilo neno alafu nikaandika kinachofuata, hiyo kazi nilifanya kwa taa ya chaji usiku umeme umekatika na sikutaka kulala. Mwenye ukoma, akahurumiwa, na kinachofuata ni mkono kunyoshwa na kumgusa. Vipofu wawili, macho yakaguswa. Makutano wenye njaa, wakalishwa, na pale Marko 6 kabla ya mkate wakafundishwa kwanza kwasababu walikuwa kama kondoo wasio na mchungaji. Mtumishi mwenye deni, bwana wake akamfungua akamsamehe deni. Yule baba wa kijana mwenye pepo ndiye anayeomba, utuhurumie na utusaidie, anaviweka viwili pamoja hataki kimoja. Mjane wa Naini anayekwenda kumzika mwanae wa pekee, akaambiwa usilie, jeneza likaguswa. Baba wa mwana mpotevu hakusubiri hata kijana afike, alipiga mbio, mtu mzima na heshima zake. Kila mahali kinafuata kitenzi cha mkono au cha mguu au cha mdomo. Hakuna hata sehemu moja kati ya 12 ambapo mwandishi anasimama kueleza tumbo la mtu lilikuwaje.

Na huyo Msamaria wa makala yenu ndiye anayeonyesha zaidi. Hisia zake zimepewa neno moja, esplankhnisthe, basi. Alafu Luka anaanza, akamkaribia, akamfunga majeraha, akayatia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akamtunza, kesho yake akatoa dinari mbili, akasema ukigharimu zaidi nitakulipa nikirudi. Hebu someni hiyo sehemu kwa sauti muone pumzi inakwenda wapi.

Nilipomaliza hiyo hesabu nilirudi Bahi. Ilikuwa wakati wa mavuno, nikamkuta yule mama anapepeta uwele kwenye ungo nje ya nyumba, upepo unavuma makapi yanaruka mpaka kwenye shati langu. Nikamwambia mama, lile neno nililolisema msibani nilikosea, nimekuja kukuomba radhi. Nikamsomea hiyo habari ya Msamaria mstari kwa mstari, nikamwonyesha kwenye daftari langu neno moja la Kigiriki huku na ule msururu wa kazi kule. Alisikiliza ungo ukiwa magotini. Akauliza, "Na kumgeuza mtu kitandani nako kumo?" Nikamwambia kumo mama, akamtunza, ndo hiyohiyo. Alikaa kimya kidogo, akafuta macho na ncha ya kanga, akaendelea kupepeta.

Wahubiri na waandishi wenzangu wanaopenda kusema "kwa Kiyunani" mimi siwakatazi, Kigiriki ni lugha nzuri na sasa nimeipenda kweli. Konkodansi ya Strong ya mwaka 1890, yaani orodha ya maneno ya Biblia yaliyopewa namba, iko bure kwenye simu, ukibonyeza namba 4697 neno linatokea na mzizi wake chini, na hapo ndipo wengi tunaishia kwasababu inaonekana tumeshafika. Jamani tuvumilie dakika kumi zaidi tufungue na zile sehemu zote 12, zinasomeka kwa kikao kimoja kabla chai haijapoa. Aliye na mchungaji au padre aliyesoma lugha hizi karibu amuulize, wengi wanafurahi kuulizwa, huyu wangu nikigonga mlango saa tatu usiku bado anafungua.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Toleo lijalo wekeni marekebisho kwamba kitenzi cha kuhurumia ni splankhnizomai, chenye "mai" mwishoni, kwasababu kilivyochapishwa bila hiyo ni kula nyama ya sadaka, na muiondoe ile sentensi kwamba asiyesikia utumbo ukimkata hana huruma ya kweli. Iondoeni hata kama mtakosa nafasi ya kuchapa mengine yote niliyoandika hapa. Gazeti lenu linafika mpaka kule kijijini, na yule mama ana binti yuko sekondari anayemsomea.

Mwalimu mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma